Mashine Iliyoachwa na Mtengenezaji: Itunzwe na Nani?

Mtu anunuapo jembe hupata chuma na mpini, na hapo shughuli yake na mhunzi huwa imekwisha. Mpini ukivunjika atachonga mwingine; makali yakiisha atanoa. Mhunzi hana njia ya kulizuia jembe lisilime, wala kufa kwa mhunzi hakulifanyi jembe lishike kutu kabla ya wakati wake. Lakini anunuapo mashine ya kuhifadhia taarifa za kompyuta, mtu huyo hununua vitu viwili kwa pamoja: sanduku analoliona, na maagizo yaliyoandikwa ndani yake asiyoyaona. Sanduku ni lake. Maagizo yamebaki mikononi mwa kampuni iliyoko ng'ambo, nayo kampuni hiyo yaweza kuacha kuyashughulikia siku yoyote ipendayo. Nusu moja ya mali imenunuliwa. Nusu ya pili ni kama imeazimwa tu.

Makala haya yahusu nusu hiyo ya pili. Hoja yake ni kwamba mashine ya kuhifadhi taarifa ambayo mtengenezaji wake ameacha kuihudumia haifai kuendelea kutumiwa kama ilivyo, wala haistahili kutupwa upesi. Yafaa ipewe mfumo mpya na watu wanaoitumia, na maarifa ya kufanya hivyo yahesabiwe kuwa sehemu ya ufundi wa kawaida wa nchi, kama yalivyo maarifa ya kuzibua kabureta au kusuka upya mota ya umeme.

Jambo hili si la miji mikubwa peke yake. Kata ya Akheri, katika Wilaya ya Arumeru, iko kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu kidogo ya Tengeru na barabara kuu iendayo Moshi. Wengi huifahamu kwa migomba na kahawa. Hata hivyo mahali kama hapo pana shule zenye orodha za wanafunzi na alama za mitihani, zahanati zenye majina ya wagonjwa, sharika zenye daftari za ubatizo na ndoa, na vyama vya akiba na mikopo vyenye hesabu za wanachama. Mambo yaliyokuwa yakiandikwa katika vitabu vya jalada gumu sasa huandikwa katika kompyuta. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Leo daftari lenyewe limekuwa mashine, na mashine nayo yahitaji mtunzaji.

Ndani ya sanduku

Mashine inayozungumzwa ni ile ambayo mafundi huiita NAS. Hapa itaitwa ghala la mtandao. Kwa umbo ni sanduku dogo, pengine lenye ukubwa wa kitabu kinene, lenye diski moja, mbili au zaidi, pamoja na tundu la waya wa mtandao. Kompyuta zote za ofisi au za nyumba huweza kuweka faili zao humo na kuzisoma. Ndani yake mna kompyuta kamili: chipu inayofanya hesabu, kumbukumbu ya kazi inayofutika umeme ukikatika, na chipu ya kudumu ambamo mtengenezaji ameandika mfumo endeshi.

Mfumo endeshi ni ile programu ya msingi inayoamka kwanza mashine iwashwapo. Ndio unaozitambua diski, unaouliza nywila, na unaoamua nani asome faili gani na nani azuiwe. Pasipo mfumo endeshi sanduku ni chuma kitupu. Mfumo endeshi ukiwa na ufa, sanduku ni ghala ambalo kitasa chake chafunguka kwa msumari.

Faida ya mashine hizi katika mazingira yetu ni dhahiri. Kwanza, hula umeme kidogo. Ghala dogo linalotumia wati 15, likiwaka mchana na usiku mwaka mzima, litamaliza yuniti 131 hivi za umeme. Kompyuta ya mezani ya wati 80 ikifanya kazi hiyo hiyo itamaliza yuniti 700. Pili, ghala hufanya kazi hata intaneti inapokatika, kwa sababu faili ziko ndani ya jengo lile lile. Kwa shule iliyo mlimani, ambako kifurushi cha intaneti ni gharama ya kila wiki, jambo hilo si dogo.

Tatizo ni umri. Diski ikifa hubadilishwa. Bali mfumo endeshi hauchakai kama chuma; huzeeka kwa namna nyingine. Kila mwaka watu wenye nia njema na wenye nia mbaya hugundua nyufa mpya katika programu za zamani. Mtengenezaji akiwa bado ahudumia mashine yake, hutoa kiraka cha kuziba ufa. Akiacha, ufa hubaki wazi milele, na habari zake husomwa na yeyote duniani.

Funzo la mwaka 2021

Kuna tukio moja linaloeleza jambo hili kuliko nadharia yoyote. Kampuni ya Western Digital ya Marekani ilianza kuuza ghala la mtandao liitwalo My Book Live mwaka 2010. Lilipendwa kwa kuwa lilikuwa rahisi: mtu alichomeka waya wa umeme na wa mtandao, na kazi ikaanza. Mwaka 2015 kampuni ilitoa marekebisho ya mwisho ya programu yake, kisha ikaacha. Mashine ziliendelea kuwaka majumbani na maofisini kana kwamba hakuna lililobadilika. Baadaye ufa mkubwa katika programu hiyo uliandikwa hadharani katika orodha ya kimataifa ya udhaifu wa programu. Hakuna kiraka kilichotolewa.

Tarehe 23 na 24 Juni 2021, wenye mashine hizo katika nchi mbalimbali waliamka wakakuta maghala yao ni matupu. Picha za familia, hesabu za biashara, kazi za miaka mingi, vyote vilikuwa vimefutwa kwa amri iliyopitia intaneti. Uchunguzi ulionyesha ufa wa pili, nao ulikuwa wa kusikitisha zaidi. Katika sehemu ya programu inayorudisha mashine katika hali ya kiwandani, mistari iliyopaswa kuuliza nywila ilikuwa imeandikwa, lakini imezimwa. Mlinzi aliajiriwa, akapewa sare, kisha akaambiwa alale. Kampuni iliwashauri wateja wachomoe mashine zao kutoka intaneti, na baadaye ikatoa msaada wa kujaribu kuziokoa faili.

Tukio hilo halikuwa la pekee. Mwezi Aprili 2024 ilitangazwa kwamba aina kadhaa za maghala ya zamani ya D-Link zilikuwa na akaunti ya siri isiyo na nywila, iliyoachwa ndani ya programu na watengenezaji wenyewe. Jibu la kampuni lilikuwa fupi: mashine hizo zimepita muda wake wa huduma, hakuna marekebisho yatakayotolewa, na wenye nazo wanashauriwa wazistaafishe na kununua nyingine.

Msomaji aliyeko Akheri aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. Sivyo. Mashine zilizotumika huko hufika kwetu, ama kama msaada kwa shule, ama kama mitumba ya kielektroniki, na mara nyingi hufika zikiwa tayari zimeachwa na watengenezaji. Kile ambacho kwa mtoaji ni sadaka, kwa mpokeaji chaweza kuwa mlango ulio wazi.

Mlango uliofunguliwa kwa sheria

Dawa ya ugonjwa huu ilipatikana kwa njia ambayo wengi hawakuitazamia. Maghala mengi ya mtandao hayana mfumo endeshi uliobuniwa upya na kampuni. Ndani yake mna Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Finland, na ambao tangu hapo umejengwa na maelfu ya watu. Linux hutolewa chini ya leseni iitwayo GPL. Leseni hiyo humruhusu yeyote aitumie programu, aibadilishe na kuiuza, kwa sharti moja: anayeisambaza lazima awape wapokeaji pia maandishi ya asili ya programu, yaani yale yanayosomeka na kurekebishika na binadamu.

Mwaka 2003 iligundulika kwamba ruta moja ya kampuni ya Linksys, iitwayo WRT54G, ilikuwa na Linux ndani yake. Watu walidai haki yao ya leseni, na kampuni ikatoa maandishi ya asili. Kutokana na hayo ulizaliwa mradi wa OpenWrt mwaka 2004, mfumo huria ambao leo huwekwa katika mamia ya aina za ruta na mashine nyingine ndogo. Mwaka 2004 huo huo Linksys ilitoa kifaa kidogo kiitwacho NSLU2, kilichogeuza diski ya kawaida ya USB kuwa ghala la mtandao. Kilikuwa na kumbukumbu ya kazi ya megabaiti 32 tu na chipu ya kudumu ya megabaiti 8. Wapenzi wa ufundi walikifungua, wakakisoma, wakaweka humo mifumo yao wenyewe, hata Debian, mojawapo ya mifumo mikubwa ya Linux. Waligundua pia kwamba kiwanda kilikuwa kimeipunguza kasi ya chipu yake kwa nusu, na kwamba kuondoa rezista moja ndogo kulirudisha kasi kamili.

Na My Book Live je? Mashine ile ile ambayo mtengenezaji aliiacha mwaka 2015 na iliyofutwa mwaka 2021 imo katika orodha ya mashine zinazokubali OpenWrt. Aliyekuwa ameuondoa mfumo wa kiwandani na kuweka mfumo huria hakuwa na ile programu iliyozimiwa mlinzi wake. Chuma kilikuwa kile kile; diski zilikuwa zile zile. Tofauti ilikuwa moja tu: nani aliendelea kuziba nyufa.

Kazi yenyewe na hatari zake

Haifai kumdanganya msomaji kwamba kazi hii ni ya mchezo. Hufanywa kwa utaratibu, na asiyefuata utaratibu hupoteza mashine, au mbaya zaidi, hupoteza taarifa.

Jambo la kwanza kabisa ni nakala. Kabla ya bisibisi kugusa sanduku, faili zote hazina budi kunakiliwa katika diski nyingine, na nakala hiyo ifunguliwe katika kompyuta nyingine ili kuhakikisha kwamba yasomeka. Kisha diski za asili zitolewe na kuwekwa kando, na majaribio yafanywe kwa diski tupu. Fundi asiyekubali sharti hili asipewe mashine.

Jambo la pili ni kuifahamu mashine kwa jina lake kamili. Viwanda hutoa mashine mbili zenye jina moja na umbo moja, kumbe chipu ni tofauti. Mfumo ulioandaliwa kwa moja waweza kuiua nyingine.

Jambo la tatu ni njia ya kuingilia. Maghala mengi hayana kioo wala kibodi. Lakini kwenye ubao wa ndani mara nyingi pana vijitundu vichache vilivyotumiwa na wahandisi wa kiwanda. Waya tatu zalehemiwa hapo: wa ardhi, wa kupeleka na wa kupokea. Kupitia waya hizo fundi huona maneno ya kwanza ambayo mashine hutamka ikiamka, na huweza kuisimamisha kabla ya mfumo wa kiwandani kushika usukani. Tahadhari yake ni kubwa: waya hizo kwa kawaida ni za volti 3.3. Akiziunganisha moja kwa moja na tundu la mawasiliano la kompyuta ya zamani, ambalo hutoa volti 12 au karibu yake, ataunguza chipu kwa sekunde moja. Hupaswa kutumia kiungo maalumu cha USB kinacholingana na volti hizo.

Jambo la nne ni kujaribu kabla ya kuandika. Mashine ikiruhusu, mfumo mpya hupakiwa kwanza katika kumbukumbu ya kazi peke yake. Ukishindwa, umeme huzimwa na mashine hurudi ilivyokuwa. Baada ya majaribio kufaulu ndipo mfumo huandikwa katika chipu ya kudumu, baada ya nakala ya mfumo wa zamani kuhifadhiwa. Wakati wa kuandika, umeme usikatike. Katika miteremko ya Meru, ambako mvua za masika huleta radi na umeme hukatika ghafla, kazi hiyo yataka betri ya kudumisha umeme, au angalau asubuhi yenye anga safi.

Jambo la tano hufuata baada ya shangwe, nalo ndilo husahauliwa. Nywila za kiwandani zibadilishwe. Huduma zisizohitajika zizimwe. Ghala lisifikiwe kutoka intaneti bila sababu nzito. Na siku ya kila mwezi itengwe kwa ajili ya kupokea viraka vipya. Anayebadilisha mfumo halafu asirudi tena amehamisha tatizo, hakulitatua.

Hoja za wanaopinga

Wapo wanaosema kwamba kazi hii yote ni kupoteza muda, kwa kuwa mashine mpya hupatikana madukani Arusha. Hoja hiyo ina uzito pale fedha ilipo. Lakini mashine mpya nayo itaachwa na mtengenezaji baada ya miaka kadhaa, na fedha za kigeni zitatoka tena. Mnunuzi asiyejua kuitunza mashine ya zamani hatajua kuitunza mpya. Zaidi ya hayo, mashine zilizotupwa haziendi mahali pasipojulikana. Zina risasi na metali nyingine zenye sumu, nazo zikichomwa jalalani huingia katika udongo na maji. Katika nchi ya mlima, maji ya aliye juu ndiyo ayanywayo aliye chini.

Wapo pia wanaosema kwamba mfumo huria hauna mwenyewe, na kwamba kitu kisicho na mwenyewe hakina wa kulaumiwa. Hoja hii yataka jibu la uaminifu, kwa sababu ndani yake mna ukweli. Miradi huria nayo huchoka. Debian, iliyoipa NSLU2 uhai mrefu kuliko kiwanda, baadaye iliacha kuandaa matoleo mapya kwa ajili ya kifaa hicho kidogo. Hakuna mashine inayoishi milele. Tofauti ni kwamba kampuni ikifunga mlango huondoka na ufunguo, lakini mradi huria ukisimama huacha maandishi yote mezani. Mwingine aweza kuyaokota na kuendelea, au akaona kwa macho yake kwamba wakati wa kuizika mashine umefika.

Hoja nzito kuliko zote ni ya tatu: kwamba mashine iliyobadilishwa hutegemea fundi mmoja. Kijana mwenye kipaji huweka mfumo mpya katika ghala la shule. Mwaka unaofuata apata kazi Dar es Salaam. Anayebaki hajui hata nywila. Shule iliyokuwa ikitegemea kampuni sasa yamtegemea mtu aliyeondoka. Hatari hii ni ya kweli, na wanaotetea mifumo huria mara nyingi huipita kimya. Lakini dawa yake yajulikana, na kwa Wameru haikuanza na kompyuta. Mifereji iletayo maji mashambani kutoka mlimani ilichimbwa kwa nguvu za pamoja, na hudumu kwa sababu kuizibua ni kazi ya zamu. Anayejua mahali pa kufungulia maji si mtu mmoja. Ghala la mtandao likitunzwa hivyo, yaani kwa watu wawili au watatu wanaojua kazi yake, na kwa daftari la karatasi linaloeleza kila badiliko lililofanywa na tarehe yake, kuondoka kwa mmoja hakutalizima.

Yaliyokwisha kufanyika hapa nchini

Si kweli kwamba mambo haya ni mageni kwetu. Historia ya kompyuta Tanzania ina somo lenye pande mbili. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya matatizo na hasara katika kuzitumia mashine hizo, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Katika miaka iliyofuata marufuku hiyo ililegezwa hatua kwa hatua hadi ikaondoka. Wengine huikumbuka kama woga. Lakini ndani yake palikuwa na swali la haki: nchi ifanye nini na mashine ambayo haielewi, na ambayo kila ikiharibika yahitaji mgeni? Jibu la mwaka 1974 lilikuwa kufunga mlango. Jibu lililo bora ni kuielewa mashine.

Upande wa pili wa somo ni mwaka 2004. Mwaka huo mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu moja tu: maandishi ya asili ya programu yalikuwa wazi, na Watanzania hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa ya kuyagusa. Karibu zaidi na Akheri, katika Wilaya ya Karatu mkoani Arusha, shirika la Powering Potential liliweka shuleni kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua, pamoja na maktaba iitwayo RACHEL inayosomwa bila intaneti. Maktaba hiyo kimsingi ni ghala la mtandao lenye mfumo huria: mashine ndogo, hifadhi yenye vitabu, na wanafunzi wanaosoma kupitia mtandao wa darasani.

Kazi kama hiyo yaweza kufanywa na ghala la zamani lililopewa mfumo mpya. Programu ya Kiwix, inayotolewa bure, huweza kuhifadhi nakala nzima ya Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, na kuigawa kwa kompyuta na simu zote zilizo katika mtandao wa jengo. Kwa hiyo mashine iliyoelekea jalalani yageuka maktaba ya shule.

Yapasayo kufanywa

Kwanza, ununuzi. Shule, zahanati, chama cha ushirika na halmashauri wasinunue wala kupokea mashine ya kuhifadhi taarifa kabla ya kuuliza maswali matatu: mtengenezaji ataihudumia hadi mwaka gani, je, kuna mfumo huria unaokubalika katika aina hiyo, na nani hapa atakayeutunza. Mtoaji wa msaada asiyeweza kujibu swali la kwanza na la pili ashukuriwe, na msaada wake ufikiriwe upya.

Pili, mafunzo. Mkoa wa Arusha hauna uhaba wa vyuo. Chuo cha Ufundi Arusha kimekuwapo tangu mwaka 1978. Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iko Nambala, jirani kabisa na Tengeru. Vyuo vya VETA hufundisha umeme na kompyuta. Kazi ya kulehemu waya tatu, kusoma maneno ya mashine inapoamka, na kuandika mfumo mpya katika chipu ni zoezi lenye fizikia, umeme na lugha ya kompyuta kwa pamoja. Vifaa vyake si ghali, kwani mashine zenyewe ni zile zilizotupwa. Mwanafunzi aliyeiokoa mashine moja iliyokufa ameelewa zaidi kuliko aliyekariri kurasa mia moja kuhusu mashine.

Tatu, wajibu wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Ni vigumu kuona jinsi mtu atakavyodai kwamba amezilinda, hali ameziweka katika mashine ambayo nyufa zake zimetangazwa duniani kote na haitapata kiraka kamwe. Mkuu wa shule au katibu wa chama ambaye hajui mashine yake ilipata marekebisho ya mwisho mwaka gani afaa kuuliza leo, na akikuta jibu baya, aichomoe kutoka intaneti kabla ya jua kuchwa.

Nne, ukweli kuhusu mipaka. Mashine yenye kumbukumbu ndogo mno, au iliyofungwa na kiwanda kwa ufunguo usiofunguka, au yenye diski zinazougua, isibembelezwe. Yafaa taarifa zake zinakiliwe, diski zifutwe ipasavyo, na chuma kipelekwe kwa wenye kibali cha kushughulikia taka za kielektroniki. Kutunza si kung'ang'ania.

Mwaka 1967, Azimio lililochukua jina la mji wa Arusha lilizungumza juu ya kujitegemea, na wakati huo watu walifikiria zaidi jembe, shamba na kiwanda. Taarifa za watu hazikuhesabiwa kuwa mali. Leo alama za mtoto, historia ya mgonjwa na akiba ya mkulima wa kahawa ni mali inayoweza kufutwa usiku mmoja na mtu asiyejulikana, kupitia mlango ulioachwa wazi na kampuni isiyolijua hata jina la Akheri. Mwenye kuhifadhi mali hiyo ana uchaguzi wa aina mbili: kuielewa mashine inayoitunza, au kumtumainia mtu ambaye amekwisha kutangaza kwamba hatakuja.